Jiwe Linawezaje Kuwa na Miaka Milioni 14?



Kwa kawaida ukurasa huu huzungumzia tangi la maji, mbuzi wa maziwa, mikopo ya kikundi na mambo ya namna hiyo. Mara hii tutaongea juu ya umri wa mawe. Msishangae. Neno hili lilizuka katika mkutano wa kikundi kimoja huku Boito, na nusura kikundi kivunjike. Tuliporudi ofisini tukaona vikundi vingine navyo vinaweza kukutana nalo, maana watoto wetu wanayasoma haya shuleni na wanayaleta nyumbani wakati wa likizo.

Kikundi chenyewe ni cha wazazi. Kila mmoja anaweka pesa kidogo kila mwezi, na bonasi ya chai ikilipwa anaongeza, halafu pesa hizo zinalipa karo ya watoto kwa zamu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya binti mmoja wa Kidato cha Nne. Katibu alipoleta fomu ya benki isainiwe, baba wa binti akasimama akasema yeye hataki.

"Sitaki pesa ya watu ilipie uongo," akasema. "Huyu mtoto amekuja nyumbani akamwambia nyanya yake ati mifupa ya Fort Ternan ina miaka milioni kumi na nne. Milioni! Dunia yenyewe ina miaka elfu sita. Kama hayo ndiyo masomo, basi akae nyumbani achume chai."

Kukawa na kelele. Wengine walisema mzazi ana haki juu ya mtoto wake. Wengine wakasema kikundi hakikuanzishwa kuamua miaka ya mawe, na kama zamu inaweza kurukwa kwa sababu ya maneno basi kesho itarukwa ya nani? Binti mwenyewe alikuwa nje na mkoba wake, akisikia yote. Ndipo mwenyekiti akatugeukia: "Nanyi watu wa parokia, mnasemaje?"

Ukweli ni kwamba hatukuwa na jibu. Sisi tulisomea kazi za jamii, si fizikia. Tukaomba wiki mbili. Tukaazima kitabu cha yule binti, tukaketi na mwalimu wa fizikia jioni mbili, tukaulizana maswali hadi tukaelewa. Haya ndiyo tuliyorudi nayo.

Kwanza, hiyo mifupa ipo kweli. Fort Ternan iko kaskazini ya mji wa Kericho, kwenye reli ya kwenda Kisumu, chini ya mlima Tinderet ambao zamani ulikuwa volkano. Mlowezi mmoja aliyeitwa Fred Wicker alikuwa na shamba huko, na mifupa migumu kama jiwe ilionekana katika ardhi yake. Mwaka 1961 Dakta Louis Leakey na wasaidizi wake wakachimba. Walipata mifupa ya wanyama wa jamii ya swala na twiga, na pia kipande cha taya chenye meno, cha kiumbe wa jamii ya nyani wakubwa wasio na mkia. Leakey akampa jina la kisayansi Kenyapithecus wickeri mwaka 1962, kwa heshima ya huyo Wicker. Leakey mwenyewe aliamini kiumbe huyo yuko katika ukoo ulioelekea kwa binadamu. Wataalamu wengi siku hizi hawamfuati katika hilo. Lakini juu ya umri hakuna ugomvi mkubwa: kama miaka milioni 14. Mifupa imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi.

Sasa umri huo ulijulikanaje? Hakuna aliyekuwepo na kalenda.

Jibu linaanzia ndani ya gunia la mbolea. Kila mkulima wa chai anazijua herufi tatu zilizoandikwa kwenye gunia: N, P, K. Hiyo K ya mwisho ni potasiamu. Iko katika mbolea, iko katika ndizi, katika viazi, katika majivu ya jikoni, katika mwili wako wewe unayesoma. Na iko katika mawe ya volkano, ambayo ndiyo mawe mengi ya nyanda zetu hizi. Kina mama wanaovunja kokoto wanaigonga kila siku bila kujua.

Potasiamu, kama kitu kingine chochote, imejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Karibu atomu zake zote zimetulia na zitakaa hivyo daima. Lakini kama 117 katika kila milioni moja ni za aina nyingine, huitwa potasiamu 40, nazo hazikutulia. Siku moja, bila kupigwa wala kupashwa moto, atomu moja ya aina hiyo hugeuka ghafla ikawa kitu kingine, na katika kugeuka hutoa mionzi kidogo. Vitu vyenye tabia hiyo huitwa vinururifu. Vitabu vya shule husema atomu "inaoza". Sisi neno hilo halitupendezi sana, kwa sababu kuoza tunakokujua sisi kuna harufu na kunahitaji unyevu, na mahindi yaliyoanikwa vizuri hayaozi. Atomu hii haijali kuanikwa. Mursik ukiuweka mahali pa joto huiva upesi. Potasiamu 40 ukiichemsha, ukiichoma au ukiifukia kwenye barafu, mwendo wake ni uleule. Jambo lenyewe hutokea katika kiini, ndani kabisa, mahali ambapo moto wa jiko haufiki.

Hapo mama mmoja akashtuka akauliza kama mbolea basi ni hatari, na sisi tunaibeba mgongoni. Hapana, mama. Mwili wa mtu mzima una potasiamu kama gramu 140, na ndani yake atomu zaidi ya 4,000 zinageuka kila sekunde, na imekuwa hivyo tangu Adamu. Mbolea usiiweke karibu na unga na watoto wasiichezee, lakini sababu yake ni nyingine.

Tulipofika kwenye lile neno ambalo watoto huliita nusumaisha, tuliona maneno matupu hayatatosha. Tukamwomba mweka hazina afungue sanduku, atupe sarafu 64 na sufuria. Tukasema: kila sarafu ni atomu moja. Tikisa sufuria, mwaga mezani. Zile zilizoonyesha nembo ya taifa zimegeuka, ziondoe. Zilizobaki zirudishe, tikisa tena.

Mara ya kwanza zilibaki 30. Mara ya pili 16. Mara ya tatu 7. Halafu 4, halafu 2. Hapo watu walikuwa wamesimama wote kuizunguka meza, na wazee wawili walikuwa wameanza kubishana juu ya zile mbili za mwisho kana kwamba ni mpira wa miguu. Moja ilikataa kutoka hadi mara ya nane.

Baba wa binti, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa pembeni, akauliza swali ambalo mwalimu alituambia ndilo lenye uzito kuliko yote: "Kabla hujamwaga, unajua ni sarafu gani itakayotoka?" Hatujui. Hakuna anayejua, hata profesa. "Basi mnahesabu nini?" Tunahesabu zote pamoja. Ya sarafu moja haijulikani, lakini ya nyingi inajulikana: karibu nusu zitatoka. Ukiwa na 64 unaweza kukosea kwa mbili tatu, kama sisi tulivyopata 30 badala ya 32. Ukiwa na milioni, kosa lako ni dogo sana ukilinganisha na jumla. Na punje moja ya jiwe, ndogo kuliko punje ya mchele, ina atomu nyingi kuliko watu wote waliopata kuishi duniani.

Muda unaohitajika ili nusu ya atomu zigeuke ndio nusumaisha. Hapa wengi hukosea, na sisi tulikosea pia jioni ya kwanza kwa mwalimu. Tulidhani nusu itaondoka mara ya kwanza, na nusu nyingine mara ya pili, yakaisha. Sivyo. Ni nusu ya zile zilizobaki. Ni kama mtu mwenye deni la shilingi 6,400 kwa kikundi, na kila mwezi analipa nusu ya deni lililobaki: 3,200, halafu 1,600, halafu 800. Anaonekana analipa vizuri, lakini halimaliziki upesi. (Katibu akasema wanachama wa namna hiyo anawajua kwa majina. Hatukumuuliza.)

Kila kitu kinururifu kina nusumaisha yake. Ya potasiamu 40 ni miaka milioni 1,250.

Mwalimu mmoja mstaafu akasimama kwa kishindo: "Na ni nani aliyengoja miaka milioni elfu moja na mia mbili hamsini apate kuthibitisha?" Hilo ni swali la haki. Tulijibu kwa tangi. Kikundi kina tangi la lita 5,000, na tuseme bomba lake linavuja. Ukiweka ndoo chini ukakuta lita moja kwa siku, huhitaji kungoja tangi likauke ndipo ujue. Ni siku 5,000, karibu miaka 14. Umepima siku moja tu ukapiga hesabu. Wanasayansi nao walipima potasiamu kwenye mizani, wakahesabu kwa chombo ni atomu ngapi zinageuka kila sekunde. Gramu moja ya potasiamu ya kawaida hutoa kama 31 kwa sekunde. Tofauti na tangi letu ni kwamba atomu zikipungua, zinazogeuka nazo hupungua, kama vile sarafu tulizoondoa zilivyopungua kila mara: 34, 14, 9, 3, 2. Hesabu ya Kidato cha Nne inalijua hilo.

Tumekwisha pata mwendo. Lakini saa haina maana kama hujui ilianza lini. Ukiona mshumaa umebaki nusu, na unajua unavyoungua kwa saa moja, bado lazima ujue ulikuwa mzima ulipowashwa. Hapo ndipo volkano inapotusaidia.

Potasiamu 40 inapogeuka huwa vitu viwili. Karibu tisa katika kila kumi huwa kalisiamu, ile iliyomo kwenye chokaa na mifupa. Moja katika kumi hivi huwa gesi iitwayo arigoni. Kalisiamu haitusaidii, kwa sababu jiwe tayari lina kalisiamu tele. Kuitafuta ile iliyotoka kwa potasiamu ni kama kutafuta maziwa ya ng'ombe wako ndani ya tangi la ushirika. Arigoni ndiyo yenye ushahidi. Gesi hii haishikani na kitu chochote. Mwamba unapoyeyuka chini ya ardhi ukawa uji wa moto, arigoni iliyokuwamo hutoroka, kama mvuke unavyotoka kwenye ugali unaochemka. Volkano ikalipuka, lava au majivu yakapoa na kuganda: kuanzia dakika hiyo arigoni mpya inayozaliwa ndani ya punje za madini imefungiwa. Haina mlango. Saa imeanza kwenye sifuri.

Baada ya miaka mingi anakuja mtaalamu, anachukua punje zile, anaziyeyusha ndani ya chombo kilichoondolewa hewa yote, anaikamata ile gesi na kuipima. Lazima pia aondoe katika hesabu arigoni ya hewa ya kawaida, maana hewa tunayovuta ina arigoni karibu sehemu moja kwa mia. Halafu anapima potasiamu iliyobaki. Kwa hizo mbili anapata miaka.

Kule Fort Ternan mifupa ilifukiwa na udongo wenye majivu ya volkano ya Tinderet, na tabaka za mawe ya moto ziko chini yake na juu yake. Kinachopimwa si mfupa. Hili tulilisisitiza sana mkutanoni, kwa sababu watu walifikiri mfupa wenyewe umekatwa ukapimwa. Yanapimwa majivu na lava. Kama umeweka shuka ya mwaka jana chini na shuka ya mwaka huu juu, kilichomo katikati kimewekwa baada ya ile na kabla ya hii. Ndivyo ilivyopatikana miaka milioni 14.

Binti alituonyesha hesabu yake kwenye daftari. Kwa miaka milioni 14, ambayo ni muda mfupi kwa potasiamu, katika kila atomu 1,000 za potasiamu 40 zimegeuka kama 8 peke yake. Katika hizo 8, moja hivi ndiyo arigoni. Moja kwa elfu! Chombo cha kupima gesi kidogo namna hiyo hakikuwapo zamani, na ndiyo sababu kabla ya miaka ya 1950 na 1960 watu walikuwa wakikisia tu. Mwaka 1959 Mary Leakey alipopata fuvu la Zinjanthropus katika bonde la Olduvai, Tanganyika, lilidhaniwa lina miaka kama 600,000. Mwaka 1961 Garniss Curtis na Jack Evernden wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, wakapima majivu ya Olduvai kwa saa hii ya potasiamu wakapata miaka milioni 1.75. Hata Leakey mwenyewe alikuwa amekisia kidogo mno.

Mama mmoja akauliza kwa nini wasitumie ile kaboni inayotajwa kwenye redio. Kaboni 14 ni saa nyingine, nayo ni ya vitu vilivyokuwa hai: kaa, kuni, mfupa, nafaka. Willard Libby wa Chicago aliitengenezea njia mwaka 1949 na akapata tuzo ya Nobel mwaka 1960. Mti ukiwa hai unavuta kaboni 14 kutoka hewani, ukikatwa hauvuti tena, na iliyomo inaanza kupungua. Nusumaisha yake ni miaka 5,730. Kaa la jiko la mababu, hata kaa likipatikana katika yale mashimo ya Sirikwa, linaweza kupimwa kwa kaboni. Lakini baada ya nusumaisha kumi hivi haijabaki hata moja kwa elfu, na kwa miaka zaidi ya 50,000 saa hii haifai. Kupima Fort Ternan kwa kaboni ni kama kupima safari ya Mombasa kwa rula ya mtoto wa shule.

Je, saa hizi hazikosei?

Zinakosea. Hatukulificha hilo, na tunafikiri kulificha ndiko kungempa yule baba sababu ya kutotuamini. Jiwe likipashwa moto tena baadaye, arigoni huvuja na jiwe likaonekana changa kuliko lilivyo. Na majivu yakichanganyika na punje za mawe ya zamani zaidi, yanaonekana mazee.

Hili la pili lilitokea hapa hapa Kenya. Huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, kuna tabaka la majivu liitwalo KBS. Wataalamu wawili wa Uingereza, Fitch na Miller, walilipima wakatangaza mwaka 1970 kwamba lina miaka milioni 2.6. Mwaka 1972 Mkenya Bernard Ngeneo akaona vipande vya fuvu chini ya tabaka hilo, fuvu lililokuja kuwa maarufu kwa namba yake, 1470. Kama majivu yalikuwa ya miaka milioni 2.6, fuvu lililo chini yake lilikuwa zee zaidi ya hapo, na dunia nzima ikazungumza.

Ila nguruwe walikataa. Ndiyo, nguruwe. Meno ya nguruwe wa kale waliofukiwa Koobi Fora yalifanana na meno ya nguruwe wa bonde la Omo, Ethiopia, ambao tabaka zao zilikuwa zimepimwa vizuri, nao walikuwa wa kama miaka milioni 2 tu. Wakabishana miaka mingi, wengine kwa maneno makali. Curtis akapima upya mwaka 1975 akapata umri mdogo, na wengine wakapima baada yake. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 ilikubaliwa kwamba KBS ina miaka milioni 1.9 hivi. Fuvu la Ngeneo likapungua umri, na vitabu vikaandikwa upya. Siku hizi wanaweza kuyeyusha punje moja moja kwa miale ya leza, kwa hivyo punje ya kale iliyojiingiza inaonekana peke yake.

Mwangalie ukubwa wa kosa lenyewe. Lilikuwa la kutoka 2.6 kwenda 1.9. Hakuna kipimo kilichorudi kikasema miaka elfu sita.

Hiyo elfu sita ilitoka wapi? Haimo katika Biblia kwa maneno. Watu waliijumlisha kutoka miaka ya mababu waliotajwa humo. Anayejulikana zaidi ni James Ussher, askofu mkuu wa Kianglikana wa Ireland, ambaye mwaka 1650 alitoa hesabu ya kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi mkubwa na alifanya kazi kwa bidii na vitabu alivyokuwa navyo. Chombo cha kupima arigoni hakuwa nacho. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Papa Pius wa 12 aliandika mwaka 1950 kwamba wasomi wanaruhusiwa kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe vilivyotangulia, huku tukiamini kwamba roho huumbwa na Mungu. Papa Yohane Paulo wa 2 akaongeza mwaka 1996 kwamba elimu hiyo ya mageuko ya viumbe imevuka hatua ya kuwa kisio tu. Yule baba si Mkatoliki, na hatukumwambia haya ili tumvute. Tulimwambia ili ajue kwamba binti yake anaweza kupata alama nzuri katika fizikia na bado akaenda kanisani Jumapili, awe wa kanisa lolote.

Alinyamaza muda. Akachukua sarafu moja mezani akaigeuza-geuza. Halafu akauliza: "Na hiyo saa, ya potasiamu, ni nani aliyeitia ufunguo?"

Tulimwambia kwamba chombo cha maabara kinaweza kusema saa ilianza lini, hakiwezi kusema ni nani. Akasema, "Haya. Hapo tumeelewana." Akaongeza kwamba yeye bado hajakubali hiyo milioni kumi na nne, na tusiende kutangaza kwamba amekubali. Basi hatutangazi. Lakini alimwita katibu, akatia sahihi, na karo ikaenda shuleni Jumatatu.

Kikundi sasa kinataka kwenda kuona Fort Ternan kwa macho. Mweka hazina anapiga hesabu ya matatu ya kukodi, na kuna wanaosema pesa hizo afadhali zinunue mabati. Tutawajulisha walivyoamua.

Kikundi kinachotaka kufanya ule mchezo wa sarafu kinahitaji sarafu 64, sufuria, meza isiyo na nyufa, na karatasi ya kuandika zilizobaki kila mara. Wape watoto wa sekondari waandike, wazee wamwage. Tena sarafu zihesabiwe kabla na baada, mbele ya watu wote. Sisi tulipomaliza zilirudi 62 katika sanduku, na mpaka leo hatujui hizo mbili ziligeuka kuwa nini.